Shindano ya usingizi ya Évariste

Bale bote banauzaka mawe ya madini mu Likasi banamujua Évariste Tshimanga. Mwili sawa frigo, na kicheko yake inafikaka ku mulango mbele ya yee mwenyewe. Bantu banasemaka: "Ule haogope kintu."

Bongo, uwongo tupu. Alikuwa anaogopa fasi ya kubana. Wakati alikuwa angali creuseur, muchimba mawe, ku Kambove, udongo ilianguka, ikamufungia mu shimo, kifua imebanwa, giza tupu, mupaka benzake bakamuchimbula. Kutoka pale aliacha kuchimba, akaanza kununua mawe ya bengine. Hata shemisi ya kubana ku shingo haivae.

Sasa mugongo ikamukamata. Muguu ya kuume ikaanza kufa ganzi, na ganzi ile haikuwa na haya: kila juma ilikuwa inapanda. Chirurgien, munganga wa kupasua, akamwambia wazi: "Papa, bila picha ya IRM, ile inaonyesha ndani ya mwili, siguse mugongo yako. Na tukikawia, ule muguu utaukokota mupaka kufa."

Évariste akaenda kuona hiyo IRM mu kliniki. Tuyau nyeupe, bomba kubwa, na bantu banaingizwa mule sawa mikate mu furu. Akarudia nyuma.

"Hata mu buloko ya Buluo, fasi ya bafungwa," akasema, "kuko dirisha."

"Papa, usihangaike," bakamujibu. "Bale benye woga tunabapiga shindano ya usingizi, dawa ya kulalisha. Utaamuka, kazi ilishakwisha."

Hapo Évariste akacheka tena. Kulala? Kulala njo kazi yake!

Lakini alikuwa anaficha kintu. Yee anakoromaka mupaka bajirani banajua saa yake ya kulala, na katikati ya kukoroma pumuzi inakatika. Ti! Kimya. Bibi yake Kabedi, bantu banamwitaka Maman Glody juu ya Glody, mutoto yabo wa kwanza, analalaka na mukono yake ku kifua ya bwana. Kifua ikisimama, anamupiga kiwiko, bwana anavuta hewa sawa muntu anatoka mu mayi, anaendelea. Munganga moja wa Lubumbashi alibapatia jina ya ile bugonjwa: apnée.

Kisha ku kanisa bakamuombea. Dimanche moja, siku ya ibada, Évariste akasimama mbele ya bantu bote akasema amepona. Ngoma ikapigwa, Maman Delphine, mukubwa wa baombaji, akacheza mupaka kiatu kimoja kikaenda chini ya benchi. Na mu ile kanisa, ukishasema umepona, kinywa yako haitaje tena jina ya bugonjwa. Ukiitaja, unaiita irudie. Kabedi, yee, akarudia ku nyumba. Akaendelea tu na kiwiko yake.

Siku ya IRM, Maman Delphine akabasindikiza Évariste na Kabedi, Biblia mu kapo. Infirmier moja, mutunza bagonjwa, jina yake Magloire, akaanza kuuliza.

"Papa, uko na bugonjwa ya moyo?"

"Hapana."

"Unakoromaka? Pumuzi inakukatikaka mu usingizi?"

Évariste akaona Maman Delphine anamuangalia. Akaona pia ile tuyau, kule nyuma ya mulango.

"Nilipona."

"Amen!" akasema Maman Delphine.

"Ulipona nini?" akauliza Magloire.

"Yote," akasema Évariste. "Andika yote."

Bakaambiwa bangojee ku benchi, docteur wa usingizi anakuja.

Basi, ngoja-ngoja, na Évariste alikuwa hakulala vizuri sababu ya mugongo. Shingo ikaanguka mbele. Ikaanza. Kwanza kidogo, sawa mufuko inavutwa juu ya simenti. Kisha benchi nzima ikaanza kutikisika. Mutoto moja akacheka. Muzee moja akasogeza kiti yake. Kisha, ti! Kimya. Koridoo nzima ikangojea pamoja na yee. Midomo yake ikageuka rangi. Kabedi akamupiga kiwiko, Évariste akaruka: "Hhhaaa! Nani anaita?"

Mbele yake kulikuwa mwanamuke mudogo wa blouse nyeupe, shindano mu mukono: Docteur Viviane, mwenye alipashwa kumulalisha. Alikuwa ameona yote.

"Papa," akasema pole-pole, "nikikupiga hii dawa, hakuna kiwiko yenye itakuamusha. Na mule ndani mukono ya bibi yako haifike. Niambie weye mwenyewe. Ile kintu nimeona sasa, inakupataka kila usiku?"

Maman Delphine akasimama. "Docteur, huyu ni muntu alipona. Évariste, chunga kinywa yako!"

Évariste akaangalia shindano. Ilikuwa pale karibu sana, tamu, usingizi bila woga. Neno moja tu, "hapana", na ataamuka yote imekwisha. Ao hataamuka. Akageuka kwa Kabedi. Macho ya bibi yalikuwa na mayi. Alikuwa anaangalia kifua ya bwana, sawa vile anaangaliaka kila usiku.

"Docteur," Évariste akasema, "nilidanganya. Niko na apnée. Kila usiku. Huyu mama njo ananirudishaka."

"Yesu!" akasema Maman Delphine, akaikala ku benchi.

Docteur Viviane akafunga shindano. "Asante, papa. Basi dawa hii hapa kwetu hapana. Mashini ya kuchunga pumuzi yako vizuri iko ku Lubumbashi, utangojea zamu. Ao unaingia leo, macho wazi."

Muguu ikamuchoma, sawa jibu: kungojea hapana. Zamu ya Lubumbashi, nani anajua ni siku gani? Évariste akapangusa jasho.

"Docteur, ku shimo, creuseur hashuke bila kamba. Mwenzake wa juu anashika upande ingine. Nyundo ikinyamaza, wa juu anavuta mara moja: uko muzima? Wa chini anavuta mara mbili: niko. Muntu haogope sana giza kama kuko muntu ku kamba. Ile siku udongo iliniangukia, kamba ilikatika. Njo ile iliniua moyo. Leo bibi yangu anishikie kamba."

"Kamba gani? Mashini ni sumaku, inakatala kila kintu ya chuma."

Kabedi alikuwa ameshafungua kitenge yake ya pili, ile ya juu, akaikunja ndefu. "Hii hayina chuma."

Docteur akacheka. "Munavuta tu wakati mashini inanyamaza. Na mugongo isitikisike!"

Bakatosha pete, mukaba, heleni za Kabedi, bakamuziba masikio. Kitanda ikaingia mu tuyau, Kabedi akabakia inje, upande ingine ya kitenge mu mukono. Évariste akafunga macho, moyo unapiga sawa nyundo mbili. Plafond, dari ya tuyau, iko hapa, ku pua. Atapiga makelele, atapiga tu! Mashini ikaanza: ta-ta-ta-ta, sawa kompresa ya Kambove. Ikanyamaza.

Kitenge ikavutwa mu mukono yake. Mara moja.

Vidole yake ikajibu: mara mbili.

Ikaanza tena, ikanyamaza. Moja. Mbili. Mara ya tatu alikuwa anaingojea sawa mutoto anangojea pipi. Udongo yote ya Kambove ikaanza kutoka ku kifua yake, kipande kwa kipande. Hewa ikaingia. Kumbe mule ndani hewa iko mingi! Mara ya ine alijibu kwa kidole kimoja tu, kwa majivuno.

Kisha kitenge ikavutwa mara moja. Ikavutwa tena. Ikavutwa sawa vile banavutaka mufuko ya mawe!

"Papa Glody! Amuka!" akapiga kelele Kabedi.

"Hhhaaa!"

Ku micro, Docteur Viviane alikuwa anacheka mupaka anakosa maneno. "Papa Évariste! Weye mwenye kuogopa tuyau, unalala ndani? Picha ya mwisho umeiharibu na kukoroma! Tunairudilia. Maman, usimuache alale!"

"Njo kazi yangu, docteur!" akajibu Kabedi.

Bakairudilia. Akatoka. Ku ecran, kioo ya mashini, picha zilikuwa wazi kabisa, na docteur akaonyesha fasi musipa inabanwa. "Chirurgien ataweza kufanya kazi. Na sasa tunajua pumuzi yako, tutajipanga vizuri mbele ya operation."

Évariste akaingia mu koridoo anachechemea, kifua mbele, sawa bwana arusi. Ule muzee wa kiti akauliza: "Papa, ulipigwa shindano?"

"Mimi? Niliingia macho wazi! Kisha nikalala mwenyewe!"

Koridoo ikapiga mikono. Maman Delphine akamuvuta pembeni.

"Évariste, na dimanche? Tutasema nini?"

"Nitasema miye mwenyewe," akajibu, kwa ile sauti ya kuuzia mawe ku soko, bote basikie. "Niko na apnée! Niko nayo, na niko muzima! Mungu alinipatia bibi. Kama kuko mwingine mu kanisa mwenye kukoroma na kunyamaza, akuje anione nyuma ya ibada. Asiogope."

Maman Delphine akatafuna midomo kidogo. Kisha akasogea karibu, akapunguza sauti.

"Bwana yangu pia," akasema. "Kiwiko, unapigaka fasi gani, Kabedi?"