Mzee Anapiga

Kila mteja aliyefika kwenye kibanda cha Pik-ha na simu isiyopokea chaji alianza kwa kuapa kwamba hajaiangusha, haijaingia maji, na hakuna mtoto aliyeichezea. Pik-ha hakumwamini hata mmoja. Miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza simu kwenye baraza ile ya mjini Tainan, kati ya mama muuza uji wa samaki na duka la uvumba, na alikwishatoa kwenye matundu ya chaji vijiti vya meno vilivyokatika, unga wa mchele, sukari iliyoganda, na siku moja mguu mzima wa mende. "Simu haijui kudanganya," alikuwa akiwaambia. "Wanaojua ni ninyi."

Mdomo huo ulikuwa umemfukuzia wateja wengi, lakini mikono yake iliwarudisha. Alikuwa mwepesi. Kabla mtu hajamaliza kusalimia, simu ilikuwa imeshafika chini ya taa.

Asubuhi hiyo uji wake ulikuwa bado nusu bakuli alipotokea mzee mmoja mwembamba, fimbo imening'inia kwenye kiwiko, mikono yote miwili imeshika simu iliyofungwa kwenye leso safi. Simu ilikuwa imeunganishwa na betri ya mkononi, na dole gumba la mzee lilikuwa limeukandamiza waya pale unapoingilia. Alikuwa ametoka hivyohivyo tangu mabwawa ya samaki ya pwani, mabasi mawili, bila kuuachia. Jina lake Tsui-bok. Ukucha wa dole lile ulikuwa umegeuka mweupe.

"Umeshakula, bosi?"

"Nakula, mzee, si unaniona? Kaa hapo. Haipati chaji?"

"Inapata nikiiminya hivi. Nikiachia, inakata. Siku ya tatu leo naiminya, mpaka nikilala naiminya. Lakini bosi, kabla hujaishika, nikwambie kitu. Hii simu ina—"

"Haijaanguka, haijaingia maji, hakuna mtoto aliyeichezea. Lete."

"Sikiliza kwanza."

"Nasikiliza, mzee wangu. Inayofanya kazi ni mikono, masikio yangu yamekaa bure."

Na mikono ilikuwa imeshafanya. Alichomoa waya, akabonyeza kitufe cha ubavuni, akakishikilia, akagusa mahali pa kuzima na kuwasha upya. Ndivyo alivyoanza na kila simu, ya tajiri na ya maskini, kwa sababu nusu ya magonjwa ya simu huisha hapohapo. Kioo kikawa cheusi.

Mzee Tsui-bok alinyanyuka nusu kwenye kigoda. "Umeizima?"

"Nimeizima, na inajiwasha. Ona, hiyo."

Kweli kioo kiliwaka. Asilimia tisa. Mzee akaketi tena, akashusha pumzi, akafuta jasho la shingoni kwa ile leso. Pik-ha alimwona ni mmoja wa wale wazee wanaoogopa kila kitu chenye kitufe. Hakumfikiria zaidi ya hapo.

Alijaribu waya mpya, akajaribu chaja nyingine, akaitazama namba kwenye kipimo chake kidogo ikipanda na kuanguka, ikipanda na kuanguka. Waya haukuwa ukiingia mpaka mwisho. Kuna kitu kilikuwa kimejazana ndani ya tundu. Alivaa miwani ya kukuza, akachukua kijiti chembamba cha plastiki, akaanza kuchokoa taratibu, na kilichotoka kikaanguka kwenye kitambaa cheusi cha mezani. Kilikuwa kijivu, laini, kimeshindiliwa. Kisha kikatoka kibanzi chembamba cha mwanzi, chekundu.

Hakuhitaji kuuliza. Miaka kumi na tisa alikuwa akiketi jirani na duka la uvumba.

"Mzee! Hii simu unaifukizia ubani? Umeigeuza mungu, unaiomba namba za bahati nasibu?" Mama wa uji akacheka kule kwake. Pik-ha akaendelea, maana akishaanza haachi. "Ikikupa ushindi usinisahau."

"Ni ya mwanangu," mzee akasema. "Kiat-bing. Miezi kumi na moja sasa."

Mama wa uji alirudisha macho kwenye sufuria. Pik-ha aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, akainamia tundu la chaji na kuchokoa.

Mzee ndiye aliyesema, bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kuongea naye. Kiat-bing alikuwa dereva wa lori la barafu, anapeleka samaki kaskazini. Miaka arobaini na mmoja, hana mke. Moyo ulisimama akiwa ameegesha, injini inanguruma, mkanda amefunga. Alikuwa anavuta sigara kama mtu anayelipwa kuvuta, na baba yake hakuacha kumpigia: umekula, uko wapi, unavuta? Kila siku mchana, bila kukosa. Kiat-bing alijibu kila siku kwamba ameacha.

"Siku ya mazishi walimsindikiza wenzake," mzee alisema. "Mimi sikwenda. Unajua mwenyewe."

Pik-ha alijua. Mwenye mvi hamsindikizi mwenye nywele nyeusi. Baba hupewa fimbo alipige jeneza mara tatu, kumwadhibu mtoto kwa kosa la kumtangulia mzazi, ili huko aendako asije akashtakiwa nalo. Halafu jeneza linaondoka na baba anabaki nyumbani.

"Nikapiga. Mara tatu. Wakaondoka naye. Nikabaki na mabakuli machafu. Saa sita ikafika, na mimi, bosi, mkono umezoea. Nikampigia."

Alitulia kidogo, na kitu kama tabasamu kikapita mdomoni.

"Simu ikaita ndani ya begi lake, chumbani. Ila haikuita kengele. Aliita yeye. Sauti yake mwenyewe, alijirekodi: *Mzee anapiga! Mzee anapiga! Ficheni sigara!* Halafu anacheka, na nyuma yake unasikia wenzake wanacheka. Yule mshenzi! Miaka yote ile kila nikimpigia, kule garini napigiwa kelele, na mimi huku sijui. Nilicheka, bosi. Peke yangu ndani ya nyumba yenye msiba. Jirani alikuja mbio akidhani nimerukwa na akili."

"Ni namba yako tu iliyoita hivyo," Pik-ha alisema polepole.

"Yangu tu. Dada yake alijaribu na yake, ikaita kengele za kawaida."

Tangu siku ile Mzee Tsui-bok hakuiacha simu izimike. Aliiweka kwenye meza ya mababu, pale wanapofukiziwa marehemu wa ukoo, kichwa chini miguu juu, kwa kuwa soketi ya taa nyekundu za meza hiyo iko juu na waya ni mfupi. Kila mchana aliichomoa, akaiegemeza kwenye chungu cha uvumba pamoja na bakuli la wali, akawasha vijiti vitatu, akapiga namba. Mwanawe akaita. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akala. Mila haikumruhusu mzazi kumfukizia mtoto wake, hiyo ilikuwa kazi ya mpwa. Kaka wa mzee alimkanya. Naye alifunga mlango, akafukiza. Majivu yakawa yanadondoka kwenye tundu lililotazama juu, na kila aliporudisha waya aliyashindilia.

Pik-ha alikuwa ameacha kuchokoa. Mikono ile miepesi ilikuwa imelala juu ya kitambaa. Aliitazama simu. Kwenye kioo, chini ya saa, palikuwa na mstari mmoja mdogo ambao huonekana tu simu ikishazimwa na kuwashwa: *Weka namba ya siri.* Simu za aina hii alizijua nje ndani. Zikizimwa hufunga kila kilichomo, majina, picha, milio, mpaka mwenyewe aweke namba yake. Zitaita, ndiyo. Ila hazitamjua anayepiga.

"Namba ya siri ya mwanao unaijua?" aliuliza.

"Ya nini? Sijawahi kuifungua. Mambo yake ni yake. Mimi napiga tu."

Angesema pale pale. Hakusema. Alisafisha tundu mpaka likang'aa, akapitisha brashi yenye spiriti, akachomeka waya. Uliingia mpaka mwisho. Namba kwenye kipimo ikapanda na kukaa, na chaji ya simu ikasogea, asilimia kumi, kumi na moja, na mzee akaliachia dole gumba lake hewani, akalitazama kama la mtu mwingine.

"Haikati!"

"Haikati."

"Mikono yako ina baraka, mwanangu." Alikwishatoa simu yake mwenyewe, ile ya vitufe vikubwa. "Ngoja. Ngoja umsikie. Utacheka."

"Mzee wangu, subiri kidogo—"

Lakini sasa mzee ndiye aliyekuwa mwepesi. Alibonyeza, akaiweka simu ya mwanawe katikati ya meza, akainamisha kichwa kuisogelea. Ikaita. Kengele ndogondogo, zilezile zinazotoka kiwandani. Kwenye kioo hapakuwa na jina, zilitokea tarakimu tupu.

Mzee alikata. Akaikagua namba aliyopiga, tarakimu moja baada ya moja. Akapiga tena. Kengele.

"Siyo hii," akasema. Akamtazama Pik-ha, kisha akayatazama majivu kwenye kitambaa cheusi, na uso wake ukaanguka wote kwa pamoja. "Ni uvumba. Kaka aliniambia. Alisema nitamharibia mtoto njia ya huko aendako. Nimemziba mdomo mwenyewe, kwa mkono wangu."

Hakuna aliyeona kosa lilipotokea. Mama wa uji hakujua, mzee hakujua, na hakuna fundi mwingine mjini ambaye angeweza kulithibitisha. Pik-ha angeweza kukunja kitambaa kile, amwambie pole, na mzee angekwenda zake akijichukia mpaka kufa. Ndilo lililomfanya afungue mdomo, ule mdomo wake mbaya, ambao kwa mara ya kwanza haukujua pa kuanzia.

"Majivu hayana kosa, mzee. Yaliziba chaji tu, na chaji imerudi. Sauti nimeifunga mimi. Pale mwanzo, nilipoizima."

Akamweleza yote, kwa maneno mepesi, bila kujitetea. Sauti bado imo humu ndani. Haijafutika. Inataka namba ya Kiat-bing, na bila namba hiyo hakuna fundi atakayeifikia.

Mzee aliivuta simu karibu yake. "Nilikwambia usikilize kwanza."

"Uliniambia."

Walijaribu tarehe aliyozaliwa Kiat-bing. Wakajaribu siku aliyokufa mama yake. Wakajaribu namba ya lori. Kila mara simu ilitetemeka kidogo na kukataa, na baada ya ile ya tatu Pik-ha alimwambia ukweli uliobaki, kwamba wakikosea mara nyingi baadhi ya simu hujifuta zenyewe. Mzee akaifunika kwa kiganja. "Basi. Usiiguse tena. Akae humo."

Pik-ha alikuwa akilia, na hakujisumbua kujificha. Aliyakusanya majivu kwenye karatasi safi, akaikunja mara nne, akampa kwa mikono miwili. Mzee aliitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akaichukua fimbo yake.

"Simama."

Akasimama. Mama wa uji alishikilia upawa hewani. Mzee aliinua fimbo, akaishusha juu ya meza, kando kabisa ya mkono wa Pik-ha, mara tatu, si kwa nguvu.

"Nimekupiga. Yameisha, mwanangu. Usilale nayo."

Akaifunga simu kwenye leso, polepole, pembe kwa pembe. Alikuwa ameshageuka kuondoka Pik-ha alipomuuliza, maana hakuvumilia kumwacha aende hivyo.

"Alikuwa anasemaje, mzee? Sauti yenyewe ilikuwaje?"

Mzee Tsui-bok alisimama wima pale barazani, akasafisha koo, akachangamka kidogo. "*Mzee anapiga,*" alisema kwa sauti ya juu. "*Mzee anapiga, ficheni sigara.*" Akasita. Akatikisa kichwa, akajaribu tena, sasa akivuta neno la mwisho. Akasita tena.

"Hapana. Alikuwa analipandisha, *sigara*. Au alilishusha?" Alimtazama Pik-ha amkumbushe. Na Pik-ha hakuwahi kuisikia.