Pete Nyeupe kwenye Mti wa Kigong'ota

Wiki tatu Metrine alimfuata ndege yule katika msitu ulio juu ya Macalder, na wiki tatu hakuwa na hakika ni wa aina gani. Vigong'ota wa huko hufanana kama mapacha: mgongo wa madoa, utosi mwekundu, na kugonga kule kusikochoka. Hatimaye jike alitua chini juani kula siafu, na Metrine akaliona koo lake, kahawia mpaka shavuni. Ni jike wa aina moja tu aliye hivyo. Binti huyo kutoka mji wa Sindo, mhitimu wa chuo asiye na kazi, alikaa kwenye nyasi akalia kwa furaha.

Alielewa pia kwa nini ndege aliuchagua mti ule wenye kiota chake. Nje ulikuwa mgumu, ndani moyo umeoza, hivyo tundu lilichimbika. Miti ya namna hiyo ilikuwa sita. Akaizungushia pete ya rangi nyeupe, mtu asiiguse.

Jumatatu alikuta visiki sita.

Japheth, mzee anayekata nguzo za kushikilia kuta za mashimo ya dhahabu kule Osiri, alikuwa akipunguza matawi.

"Daktari wa ndege, leo umelala," alimtania.

"Baba, kwa nini umekata hii?"

"Si imepakwa rangi? Watu wa misitu wakipaka mti, hiyo ni ruhusa. Maisha yangu yote sijakata mti bila alama, nianze kukamatwa uzeeni?" Akaupiga gogo teke. "Lakini huyo aliyechagua hajui miti. Yote ina uvungu. Haifai hata nguzo moja."

"Ni mimi niliyepaka."

Mzee aliweka panga chini.

Metrine alipiga magoti kwenye tundu la gogo. Makinda wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu alifungua mdomo, akidhani mkono ni mama.

Japheth alilichukua tena panga. Alikata kipande chenye tundu, akakipandisha begani mpaka mti wa jirani, akakifunga kwa kamba, kwa urefu uleule. Wakajificha kichakani.

Jike alikuja na siafu mdomoni. Alifika pale shina liliposimama jana, akapiga mbawa hewani akitafuta pa kushika. Akazunguka. Akarudi palepale, mara nne, mara tano. Kinda alilia hatua kumi kutoka kwake, na yeye hakugeuka kamwe kuliangalia gogo. Jua lilipofika utosini, kinda alinyamaza.

"Nyathina," mzee alimwambia, kama anavyomwita mwanawe, "nyumba yangu ni ile pale, yenye mabati. Kila siku unapita mlangoni, unanisalimu vizuri. Ungeniuliza tu hapa tunasomaje rangi."

Metrine alitaka kujibu kwamba chuoni hawakumfundisha kuuliza. Jibu halikumridhisha hata yeye mwenyewe. Akabaki akimtazama ndege akizunguka mahali pasipo na mti.