Supu ya Mzee Pyo

Pyo Gwang-sik alipofanywa mzee wa kanisa alikuwa na miaka sitini na tisa, na kuanzia siku hiyo akawa anatembea kama mtu aliyebeba yai kichwani. Alikuwa amestaafu kazi ya ualimu mkuu msaidizi. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na katika nyumba yake pale Mokpo, mji wa bandari wa Korea, hakubaki mtu hata mmoja wa kumsifu. Kwa hiyo Mchungaji Seon alipouliza ni nani angejitolea kuwapelekea chakula wazee wanaoishi peke yao kule mlimani, mkono wa Pyo ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Tayari alikuwa anawasikia watu wakinong'ona: mzee wa kanisa mzima, na bado anapanda ngazi na sufuria!

Ila hakuwa amewahi kupika. Kwa miaka arobaini alikuwa akikaa mezani, chakula kinakuja chenyewe. Aliangalia video kwenye simu, akaamua kupika supu ya mwani na nyama. Akaloweka pakiti nzima ya mwani mkavu. Alipotoka kuoga, mwani ulikuwa umefura, umejaa sinki na unashuka ukutani. Mtu mwenye akili angechukulia hilo kama onyo. Pyo aliliona kama baraka za wingi, akachota, akaongeza chumvi, akapanda nayo mlimani.

Alipangiwa Bibi Ok Bun-rye, mwenye miaka themanini na sita, aliyekuwa akikaa chumba kimoja juu kabisa ya ngazi. Kila Alhamisi Pyo alivua viatu mlangoni, akakabidhi supu, akakaa kwenye sakafu yenye joto. Bibi alimkatia peasi na kummiminia chai ya shayiri. Kisha Pyo alizungumza. Alizungumza habari za shule, za goti lake, za marehemu mkewe, za mwanawe wa Busan asiyepiga simu. Bibi aliitikia, "Eeh. Kumbe. Maskini." Jumapili Pyo alisimama kanisani na kueleza kwamba huduma ni kujitoa, na sauti yake ilitetemeka mahali pale pale alipopanga itetemeke.

Mambo yalikwenda hivyo miezi saba, hadi Alhamisi moja ya Novemba aliposahau miwani yake kwa Bibi. Alikuwa ameshashuka nusu ya ngazi. Akarudi, akavua kiatu kimoja, na kabla hajavua cha pili akasikia sauti ya jirani, Bibi Gil, mle ndani.

"Ameondoka?"

"Ameondoka. Leo masaa mawili na ushee. Goti linauma, na mwana hajapiga simu."

"Na hii supu?"

"Iache hapo. Mbwa wako alisemaje juzi?"

"Alinusa, akaniangalia kama nimemkosea, akaenda zake."

Wakacheka wote wawili. Pyo alibaki amesimama na kiatu mkononi, masikio yakimwaka moto.

"Si umwambie tu asije?" Bibi Gil akauliza.

"Nimwambieje? Mimi siwezi tena kufagia kanisa. Kuimba siwezi, pumzi sina. Nilimwomba Mungu anipe mtu wa kumhudumia, akaniletea huyu. Anakuja na upweke wake umejaa hadi kooni. Namkatia peasi, namsikiliza, anaondoka mwepesi. Huduma yangu ndiyo hiyo, Gil. Kila Alhamisi asubuhi naomba: Bwana, nipe masikio ya leo."

Jambo la kwanza lililompata Pyo lilikuwa hasira, na hilo hakulificha baadaye. La pili lilikuwa hofu: kanisani wangapi wanajua? La tatu lilimshika ghafla. Alikumbuka alivyotetemesha sauti yake pale mbele, na kicheko kikamtoka puani, kikubwa, kama chafya.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Gil alimtazama, akatazama kile kiatu, akaweka mkono mdomoni.

"Nimefuata miwani," Pyo akasema. "Na pole nyingi kwa mbwa."

Bibi Ok alitaka kuinuka aombe radhi. Pyo akamwahi, akakaa chini.

"Bibi, miezi saba sijakuuliza hata mara moja. Wewe unahitaji nini?"

Bibi akavuta sketi yake ikafunika miguu. "Aibu, Mzee."

"Aibu imeshanipata mimi. Sema tu."

"Kucha. Za miguu. Mgongo haukunjiki tena, na macho nayo ndiyo haya. Soksi zote zimetoboka."

Pyo aliomba beseni la maji ya moto. Kucha zilikuwa ngumu kama pembe, na nyayo zimepasuka mistari mirefu. Alipiga magoti, goti lake likalia, akaanza kukata. Na hapohapo, Mungu amsamehe, kichwa chake kikaanza kutunga maneno ya Jumapili: "Ndugu zangu, nikiwa nimepiga magoti mbele ya yule mama..."

"Ai! Kidole hicho!" Bibi akapiga kelele. "Unawaza nini wewe?"

"Nawaza ushuhuda."

"Kata kwanza. Utashuhudia vidole vikipona."

Alipomaliza, hakuweza kusimama. Ilibidi vikongwe wawili wamshike huku na huku na kumwinua, na Bibi Gil akasema amewahi kubeba magunia ya kabichi yaliyo mepesi kuliko mzee huyu wa kanisa.

Jumapili Mchungaji Seon alimwita mbele kama kawaida. Pyo akasema, "Supu yangu ilikuwa mbaya. Tafadhali apike mwingine, mimi nitabeba." Akakaa. Watu walicheka sana, naye akafurahia kicheko chao kiasi cha kulazimika kujionya mwenyewe hadi mwisho wa ibada.

Akinamama wa jikoni wakachukua sufuria. Pyo alinunua kikatio kikubwa cha kucha na mto wa kuwekea goti. Kufikia majira ya kuchipua alikuwa akipita nyumba tisa, na katika mojawapo kulikuwa na babu mwenye mtekenyo aliyempiga teke la kidevu kila alipomshika kidole gumba.

Kwa Bibi Ok aliendelea kwenda Alhamisi. Siku moja, akiwa anasugua zile nyayo kwa mafuta, aliuliza zilipasukia wapi.

"Chumvini," Bibi akasema. "Miaka thelathini na moja nilivuna chumvi kwenye mabwawa kule visiwani, peku, jua kichwani na maji ya chumvi miguuni. Hukujua?"

Hakujua. Aliacha kusugua, akanyamaza ili asikie mengine. Katika saa nzima ile alimkatiza mara tatu tu.