Paka Walioachwa Majengo

Watu walipoukimbia mtaa wa Majengo wakati wa vita, walibeba magodoro, sufuria na watoto. Paka waliachwa. Wenye nyumba wengine hawakurudi tena, na paka wale wakazaana kwenye nyumba tupu hadi wakawa wa mwituni. Wiki moja tu walikula vifaranga tisa wa Kaswera, bibi mmoja wa mtaa huo. Ndege waliokuwa wakitaga kwenye ua waliisha. Kisha paka mmoja akamng'ata mjukuu wake Christa mkononi, na mtoto akachomwa sindano za kichaa cha mbwa mara nne.

Jirani yao, Papa Zihindula, fundi seremala, hakutaka kungoja. Alipaka sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, sumu ya panya, akazitawanya nyuma ya nyumba. Asubuhi paka watatu walikuwa wamekufa, mmoja wao ndani ya pipa la maji ya mvua lililotegemewa na familia sita.

Kaswera alimkuta Zihindula kando ya pipa, ameinamisha kichwa.

"Mama, nilitaka kutusaidia."

"Najua, Papa. Lakini leo tutakunywa nini? Na mutoto akiokota ile samaki?"

Walimwaga maji yote, wakaokota sambaza zilizobaki moja moja, wakazifukia.

"Sasa tubaache bale paka batumalizie kuku?" Zihindula aliuliza.

"Hapana. Tutabashika."

Siku hiyohiyo Kaswera alikwenda kwa Nsengimana, daktari wa mifugo, kumwomba awafunge paka uzazi. Nsengimana alicheka.

"Mama, mimi ni wa ng'ombe na mbuzi. Paka dume nitamuhasi, ni rahisi. Jike ni kumupasua tumbo."

"Basi upasue. Na sindano ya kichaa ubachome bote. Kazi ya kubaleta ni yangu."

Zihindula alitengeneza sanduku la mbao lenye mlango wa kuanguka. Siku ya kwanza lilinasa kuku wa Kaswera mwenyewe. Siku ya pili lilinasa dume la kijivu lililomparua Kaswera hadi kwenye kiwiko, naye akaenda kupanga foleni ya sindano kama Christa. Aliporudi, alitega tena.

Kwa wiki sita alibeba paka kumi na watatu kwa pikipiki hadi kwa daktari, sanduku likiwa mapajani, na kuwarudisha wakiwa wameshonwa nyuzi. Akabaki jike mmoja wa madoa aliyekataa kuingia. Kila asubuhi Kaswera alimwekea chakula, akikisogeza hatua moja karibu na sanduku. Siku ya kumi na mbili mlango ulianguka.

"Amenasa!" Zihindula alipiga kelele hadi majirani wakatoka.

Mvua zilipoanza, hakuna paka aliyezaa pale. Panya hawakuongezeka, na vifaranga sasa walilala ndani ya banda la waya. Ndege walikuwa bado hawajarudi kwenye ua. Kaswera alilitazama jambo hilo kwa uchungu, kisha akajifunga kitenge vizuri. Wanawake wa mtaa wa pili walikuwa wamemwita, na huko paka walisemekana kuzidi thelathini.