Mfuko Tulioufungua

Nyinyi wenye wagonjwa, nisomeni kabla hamjashika mkasi.

Mama mkwe wangu alifia hospitali kwa ule ugonjwa. Wakamleta ndani ya mfuko mzito wa plastiki, wakasema usifunguliwe. Imamu wetu, ambaye siku za kazi ni fundi cherehani, alisimama mlangoni na barakoa aliyoishona mwenyewe.

"Badala ya maji, tutamfanyia tayamamu kwa vumbi safi, juu ya mfuko. Ni dharura. Hatapungukiwa kitu kwa Mola wake."

Wifi yangu akaruka. "Mama yangu azikwe bila kuoshwa? Kwani ni gunia la mkaa?"

"Dada, masheikh wameruhusu."

"Wewe fundi, rudi kwenye suruali zako!"

Watu wakacheka, na msiba ule. Imamu akatoka kwenda kuwapanga wanaume uani, mmoja huku mwingine kule. Wifi akafunga mlango, akanigeukia.

"Haya wifi, na wewe unaogopa? Ajali haina kinga. Au mama hakuwa mama yako?"

Neno hilo likanichoma. Niliogopa kuitwa mke asiyemsitiri mkwewe. Mkasi niliutoa mimi. Na binti yangu, aliyefundishwa kuosha maiti madrasa, nilimtuma mimi: "Nenda mwanangu, ni thawabu. Mungu atakulinda." Barakoa yake ikalowa maji, akaivua. Nilimwona, nikamwongezea maji.

Siku ya sita hakusikia harufu. Siku ya tisa anahema kama aliyepanda ngazi. Wifi hata mafua hakupata.

Hospitali hawakuniruhusu kuingia. Akanipigia simu, pumzi zinakatika.

"Mama, nikirudi kwenye mfuko, msinifungue."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Niahidi, mama."

Nikaahidi. Alirudi Ijumaa. Imamu alipiga mikono kwenye vumbi, akapangusa juu ya plastiki, mimi nimesimama mbali kama jirani.

Wanaokuja kunipa pole wananiambia aliyekufa kwa tauni ni shahidi, nishukuru. Inshallah. Wengine wanasema ni kadari. Kadari naiamini. Lakini ruhusa ya Mungu ilikuja hadi mlangoni kwetu, tukaicheka.

Sijui kama mwanangu alifumbwa macho. Sikumwona, na wa kumuuliza simjui.