Kasia na Usingizi

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Asubuhi ukungu ulifunika mto, halafu jua likatoka kali. Namshukuru Mungu.

Mimi Nicolas navusha watu kwa mtumbwi kati ya mjini na Lubunga, ng'ambo ya mto. Jioni najifunza kuandika katika shule ya watu wazima. Tangu mwaka jana nilikuwa nasinzia darasani, mezani, hata nikipiga magoti. Kikundi chetu cha maombi kiliita hali hiyo roho ya usingizi. Tukafunga, tukakesha kila Jumatano na Ijumaa. Kadiri tulivyokesha, ndivyo nilivyozidi kusinzia.

Jumamosi, katikati ya mto, kasia lilinitoka mkononi. Mama Vicky, muuza pondu, yale majani ya muhogo, akanimwagia maji usoni.

"Papa Nicolas! Unatupeleka kwa mamba?"

Abiria walicheka. Lakini mama mmoja mjamzito alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, na yeye hakucheka.

Nilimwendea pasta Zakaria wa kikundi chetu, nikamwomba mkesha mwingine.

"Hapana, papa. Tulikosea," akasema. "Unakosa usingizi, na sisi tunakunyima tena. Tutaendelea kuomba, lakini mchana. Wewe enda kwa munganga wa hospitali."

Leo asubuhi daktari Chimène alimwuliza mke wangu Émilie maswali mengi kuliko alivyoniuliza mimi.

"Anakoroma?"

"Dokta, majirani wanajua!"

"Anaacha kupumua?"

"Ee. Nahesabu mpaka kumi na tano, halafu anashtuka kama mutu aliyezama."

Sikuwahi kujua. Daktari alinipima shingo na presha, akaeleza kwamba koo langu linajifunga nikilala, mwili unaamka mara nyingi bila mimi kujua, ndiyo maana mchana nachoka. Ni ugonjwa, na una matibabu. Akaandika barua ya kwenda kwa mtaalamu, akaniambia nilale kwa ubavu.

"Na mtumbwi?" nikauliza.

"Usivushe mutu kwanza."

Hilo liliniuma, maana mtumbwi ndio unaotulisha. Lakini nikamkumbuka yule mama mjamzito. Tulishuka bandarini, nikampa mdogo wangu Papy kasia mbele ya abiria wote.

"Papy naye hakoromi?" akauliza Mama Vicky.

"Uliza muke wake!"

Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao. Kisha nikavua kofia, nikasema kwa sauti:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu: sitavusha mutu mpaka munganga aseme nimepona. Mpaka siku hiyo, nitakaa katikati ya mtumbwi pamoja na ninyi abiria."