Mahindi ya Kuosha Mashini

Mimi fundi cherehani, shule niliacha darasa la tatu, lakini karanga naijua. Mjukuu wangu Kaze, miaka sita, akila karanga hata chembe, mdomo unavimba, pumzi inakata. Kwetu karanga haiingii mlangoni. Hata isombe, majani ya muhogo, tunapika bila karanga, na isombe bila karanga, wallahi... basi, tuache hiyo.

Jumanne asubuhi Kaze alikunywa uji wa pakiti, akavimba. Tulimkimbiza hospitali na pikipiki, mimi nimemkumbatia, nasikia kifua kinapiga filimbi. Wakamdunga sindano, pumzi ikarudi, Mungu ni mkubwa. Sasa mimi na hasira zangu nikamgeukia mama yake, Joselyne, mke wa mtoto wangu. Pale pale, mbele ya wagonjwa.

"Umempa nini mtoto?"

"Uji tu, baba."

"Uongo! Umekula karanga huko kazini, ukamshika na hiyo mikono!"

Akalia. Sikumuonea huruma.

Tuliporudi nyumbani akabeba ile pakiti mpaka kwa jirani yetu Flaviana, Mtanzania, anapima vyakula maabara. Flaviana akanunua na nyingine dukani, haijafunguliwa, akaniita. Akakoroga unga kwenye dawa, akachovya kijikaratasi kama kile cha malaria.

"Babu, mstari mmoja, hakuna karanga. Miwili, iko."

Ikatoka miwili. Ile mpya pia, miwili. Akatuandikia majibu kwenye karatasi ya maabara. Na juu ya pakiti wameandika mahindi, soya, ngano, basi!

Mimi na Joselyne tukaenda Gahanga, kwenye kinu chenyewe cha kusaga, anwani iko kwenye pakiti. Mwenye kinu anaitwa Shyaka, ameshiba, unga mpaka kwenye nyusi.

"Muzee, hapa safi! Asubuhi tunasaga karanga ya mahoteli, halafu tunaosha mashini."

"Na maji?"

"Maji itaharibu. Tunaosha na mahindi! Kilo kumi inapita, inabeba karanga yote."

Anajisifu kabisa. Joselyne akauliza polepole, "Na hiyo kilo kumi inaenda wapi?"

"Kwenye uji, dada. Chakula kinatupwa?"

Mimi pia nililelewa hivyo, chakula hakitupwi. Ndiyo maana damu ilinichemka zaidi.

"Mjukuu wangu alikuwa anakufa!"

"Watoto wangapi wanakunywa uji wangu? Amevimba mmoja. Wengine wananenepa tu."

Akacheka, na wafanyakazi wakacheka. Joselyne akatoa karatasi ya maabara, akasema anaipeleka kwa wakaguzi. Shyaka akaniangalia mimi.

"Muzee, mtulize huyo mwanamke. Tuongee wanaume."

"Nyamaza!" Nilipiga kelele mpaka wakazima mashini. "Huyu nilimtukana mbele ya watu kwa sababu ya uchafu wako. Sasa namuomba samahani mbele ya watu. Joselyne, mwanangu, nisamehe. Na hiyo karatasi peleka leo, mimi nakusindikiza!"

Alinisamehe? Sijui. Alinishika mkono tukatoka.

Wakaguzi walifika wiki iliyofuata, pakiti zikatolewa madukani. Shyaka anasema kwa watu nimemroga. Mjinga! Uji wa Kaze sasa natwanga mwenyewe, mtama mtupu, kwenye kinu cha mti kipya. Bega linaniuma, Joselyne ananikanda na mafuta, na kila nikiinua mchi namuona yule mtu anavyocheka, natwanga kwa nguvu.